Hiace ya kulala mtu mmoja: shajara ya mradi, Nakuru hadi Cherang'any, Elgon na Kisumu

Gari ni Toyota Hiace ya dizeli, injini 2KD ya lita 2.5, bodi ndefu ya paa la chini, zamani ikibeba mizigo. Kazi ni kuiandaa ilaliwe na dereva mmoja kwa majuma 6, ikipanda na kushuka milima ya magharibi mwa Kenya: Molo, Timboroa, Iten, bonde la Kerio, Cherang'any na Elgon, halafu Kakamega, Kisumu na Kericho kabla ya kurudi Nakuru. Muda wa safari uliopangwa ni mwisho wa Septemba hadi katikati ya Novemba.

Ulaya na Marekani wasafiri wa miezi hiyo hufuata majani yanayogeuka rangi. Milima yetu imekaa juu ya ikweta na haina msimu huo. Lakini anayetazama kando ya barabara atauona mti ambao Wakalenjin huuita tebeswet na Wakikuyu mutundu: majani yake hugeuka rangi ya chungwa, moja hapa moja pale, kabla ya kudondoka. Oktoba mijakaranda huwa imechanua, na mahindi ya Trans Nzoia yamekauka shambani yakingoja kuvunwa. Kwa gari, miezi hiyo maana yake ni jua asubuhi, mvua alasiri, baridi usiku, na trekta zenye mahindi barabarani. Kila uamuzi wa mradi huu umetokana na vitu viwili, mteremko na unyevu. Starehe inakuja nyuma yao.

Juma la 1: kuvua na kupima

Viti, zulia na mbao za ukutani zimetolewa zote. Kabla ya kukata bati lolote, jambo la karatasi: ukibadilisha aina ya bodi au idadi ya viti, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wajulishwe, gari likaguliwe, na logbuku ibadilishwe. Bima nayo hufuata logbuku. Aliyenunua matatu ya viti 14 aanzie hapo hapo, asingoje kumaliza useremala.

Gari tupu limepimwa kwenye mizani ya kinu cha nafaka, tangi la dizeli likiwa limejaa: ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Namba hizo mbili zimeandikwa kwa rangi ndani ya mlango wa nyuma, na kila kinachoingia kinapimwa kabla ya kufungwa. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 12 ina uzito wa kama kilo 20. Ukitumia karatasi sita bila kufikiri, umewapakia abiria wawili ambao hawatashuka kamwe.

Nafasi ya ndani ni karibu mita 3 kwa urefu, mita 1.5 kwa upana na mita 1.3 kwa kimo. Hakuna mtu mzima atakayesimama humo. Kuinua paa kungeongeza uzito juu, mahali pabaya kabisa kwa gari la kona za Tambach, kwa hiyo paa limebaki lilivyo.

Kutu ilikuwa sehemu tatu: chini ya mpira wa kioo cha nyuma, kwenye mikunjo ya matao ya magurudumu, na chini ya zulia pale mlango wa kusukuma unapoishia. Imekwanguliwa kwa brashi ya waya hadi bati jeupe, ikapigwa msasa namba 80, dawa ya kugeuza kutu, rangi ya kwanza ya epoksi mara mbili, kisha rangi ya juu. Matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango na kwenye kingo za sakafu yamezibuliwa kwa waya. Yakizibwa na povu au gundi, bati litaoza kutoka ndani na hutaona kitu hadi kidole kipenye.

Juma la 2: paa na kuta

Tundu la hewa la paa ni mraba wa sentimita 35.5. Tulilikata kwa msumeno wa umeme wa meno madogo, kingo zikapakwa rangi siku hiyo hiyo. Mvua ya kwanza ilivuja. Sababu mbili. Kwanza, paa la Hiace lina matuta, na fremu ya tundu ilikalia matuta hayo ikiacha mifereji chini yake. Pili, tulitumia silikoni ya bafuni. Paa hupanuka kwa jua la mchana na kusinyaa kwa baridi ya usiku, na silikoni ile huanza kubanduka pembeni; ikishabanduka, mabaki yake hayakubali rangi wala gundi nyingine hadi yafutwe yote. Ilibidi kung'oa, kusafisha kwa spiriti, kujaza mifereji kwa vipande vya plastiki ngumu, na kuifunga upya kwa gundi ya poliyurethani, ile ya kubandikia vioo vya magari. Maji yalimwagwa juu kwa mpira nusu saa, hakuna tone.

Kuta na paa zimebandikwa povu la seli zilizofungwa la milimita 20, limegandana na bati lisiache nafasi. Mtu mmoja akilala hutoa kwa pumzi robo hadi nusu lita ya maji kwa usiku. Maji hayo hutafuta bati baridi. Pamba ya kioo huyanywa na kukaa nayo. Povu la seli zilizofungwa haliyanywi. Wako wanaoweka karatasi ya nailoni nyuma ya mbao kuzuia mvuke. Kwa gari lenye mikunjo na matundu mengi hivi, nailoni hainyooki hata siku moja, na unyevu unaopita pembeni hunaswa nyuma yake. Dawa ni hewa: kioo cha mlango wa mbele kishushwe sentimita 2 na tundu la paa libaki wazi, hata Timboroa, hata baridi iume.

Mbao za ukutani ni sipresi ya milimita 9 kutoka kwa wapasuaji wa Elburgon. Ni nyepesi, inanukia vizuri, na bei yake inavumilika. Kosa lilikuwa kuipiga misumari ikiwa mbichi. Siku 12 za jua la Nakuru, nyufa kati ya ubao na ubao zilifika milimita 4. Upande mmoja ulifumuliwa, mbao zikapangwa kivulini na vijiti kati yake kwa majuma matatu, kisha zikarudishwa kwa skrubu badala ya misumari. Skrubu hufunguka siku utakapohitaji kufuata waya.

Juma la 3: kitanda

Kitanda ni cha urefu wa sentimita 190 na upana wa 75, kimelala kwa urefu wa gari upande wa dereva. Mkabala, nyuma ya mlango wa kusukuma, kuna kabati la kina cha sentimita 35. Kati yake njia ya sentimita 40. Mtu anayesafiri peke yake lazima aweze kutoka kitandani hadi kwenye usukani bila kufungua mlango. Hilo ndilo lililoamua ramani yote ya ndani.

Fremu ni bomba la mraba la inchi moja, bati la milimita 1.5, limechomelewa na kufungwa kwa bolti kwenye matundu ya asili ya viti. Juu yake vipande vya mbao vyenye nafasi ya sentimita 5, maana godoro likilala juu ya plaiwudi kavu, ndani ya juma moja upande wa chini unaota ukungu. Vitu viwili visifunikwe kabisa: kifuniko cha injini kilicho chini ya viti vya mbele, na njia ya kuteremshia gurudumu la akiba kutoka chini ya sehemu ya nyuma. Tumejaribu kuliteremsha kitanda kikiwa kimefungwa na gari limepakiwa. Linashuka.

Juma la 4: umeme

Hesabu ya siku moja: taa 3 za wati 4 kwa saa 4, wati-saa 48. Simu na taa ya kichwa, 30. Kompyuta, 100. Pampu ya maji ya wati 40 kwa robo saa, 10. Feni ya wati 20 kwa saa 5, 100. Jumla ni 288. Hakuna friji: maziwa, mayai na mboga hununuliwa kila kituo kutoka Molo hadi Luanda ya Vihiga, na friji ingedai betri ya pili.

Betri ni ya lithiamu fosfeti, volti 12.8, ampea-saa 100, yaani wati-saa 1,280. Ukitumia asilimia 80 unapata karibu siku tatu na nusu bila jua. Betri ya risasi ya ukubwa huo ina kilo kama 30 na haifai kushushwa chini ya nusu. Hii ina kilo 12. Bei imeuma, lakini uzito wa milimani hulipwa kila kona. Angalizo moja: lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi 0. Ndani ya gari baridi hiyo ni nadra hata Elgon, ila tumechagua yenye bodi inayokata chaji yenyewe ikifika hapo.

Paneli ni ya wati 200, kidhibiti chaji cha ampea 20 cha MPPT, aina inayotafuta nguvu ya juu kabisa ya paneli. Magharibi mwa nchi mawingu hujijenga mchana na kunyesha alasiri, kwa hiyo jua la kutegemea ni la asubuhi. Saa tatu za jua safi zikizidishwa kwa wati 200, ukatoa asilimia 30 ya joto, vumbi na waya, zinabaki wati-saa 420. Zinatosha. Paneli karibu na ikweta inaweza kulala, lakini ikilala bapa kabisa hutuamisha maji na vumbi. Upande mmoja umeinuliwa sentimita 6, na ukipaki uelekeze upande wa chini mashariki.

Kuchaji kutoka kwenye oltaneta ndiko kulikotushinda mwanzoni. Chaja ya ampea 20 iliwekwa nyuma ikalishwa kwa waya wa 2.5 mm², mita 5 kwenda na 5 kurudi. Ampea 20 zikipita hapo zinapoteza karibu volti 1.4, na chaja ikawa inajizima ikidhani injini imezimwa. Waya wa 16 mm² umepunguza hasara hadi karibu volti 0.2. Una fyuzi ya ampea 40 kila mwisho, kwa sababu kila mwisho una betri, na waya ukichubuka katikati moto unaweza kutoka upande wowote. Sasa saa moja ya mwendo hurudisha karibu matumizi ya siku nzima.

Nyaya za taa ni 1.5 mm² na fyuzi za ampea 5. Kila waya unaopita kwenye tundu la bati umevishwa mpira. Lagi, yaani vichwa vya chuma vya ncha za nyaya, zimebanwa kwa koleo lake maalumu, hazikupigwa nyundo. Lagi ya nyundo inaonekana nzima kwa macho, lakini mtetemo wa barabara ya murami, ile ya changarawe, huilegeza, na palipolegea huwaka moto.

Juma la 5: gesi na maji

Mtungi wa kilo 6 umewekwa kwenye sanduku la bati lililofungwa kuelekea ndani, lenye tundu la sentimita 5 sakafuni linalotoka nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ikivuja hushuka na kukaa chini ya kitanda. Viungio vimejaribiwa kwa povu la sabuni, na vitajaribiwa tena baada ya kila siku ya barabara mbaya. Alfajiri ya baridi mwali hudhoofika, kwa sababu butani iliyo kwenye mchanganyiko huacha kugeuka mvuke nyuzi zikikaribia 0. Mtungi usimamishwe ndani ya sufuria ya maji ya kawaida, kamwe usipashwe kwa moto.

Jiko la makaa halilali ndani ya gari, hata likiwa majivu, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na anayelala peke yake hana wa kumwamsha. King'ora cha gesi hiyo kimefungwa usawa wa mto.

Maji ni lita 40 katika mitungi miwili ya lita 20, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Mitungi hubebeka hadi kisimani. Tangi la kudumu halibebeki.

Juma la 6: breki, springi, matairi

Hapa ndipo pesa ilipopaswa kuanzia.

Kutoka Iten hadi daraja la mto Kerio gari hushuka zaidi ya mita 1,200. Kwa gari la kilo 2,500, nishati ya mteremko huo ni kiasi cha megajuli 29, moto wa kutosha kupasha takriban lita 90 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100. Moto huo ama unaingia kwenye diski na ngoma, ama unamezwa na injini kwa gia. Hakuna njia ya tatu. Barabara ya Salgaa na Sachang'wan imezika watu wengi, na miongoni mwa sababu ni malori yanayoteremka yakiwa fri, yaani bila gia.

Mafuta ya breki yamebadilishwa yote. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani: DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205, iliyonyonya maji kwenye 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka kwenye bomba, mvuke hubanika na pedali huzama hadi sakafuni. Tumeweka DOT 4, lita moja na nusu, tukatoa hewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu hadi yaliyotoka yawe meupe. Pedi za mbele ni mpya. Ngoma za nyuma zimefunguliwa, vumbi limeoshwa, na sili moja ya silinda iliyokuwa ikivuja imebadilishwa.

Springi za nyuma ni za majani. Mafundi wengi huongeza jani moja mara tu wanaposikia gari litabeba kitanda. Kabla ya hapo, lala chini utazame juu ya ekseli ya nyuma: Hiace nyingi zina vali inayogawa nguvu ya breki kwa kupima jinsi nyuma ilivyodidimia. Ukiinua nyuma kwa jani jipya, vali inadhani gari ni tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu, huku mzigo uko pale pale. Za mbele zinachoka peke yake. Jani likiongezwa, mkono wa vali urekebishwe. Sisi hatukuongeza, tumebadilisha bushi na shokomzoba, na uzito wote ulioongezwa umebaki kilo 310 kwa mizani ile ile, dereva akiwemo.

Matairi ni 195R15C ya plai 8. Kuhusu upepo: ukipanda kutoka Kisumu, mita 1,130, hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, hewa ya nje hupungua na geji huonyesha zaidi kidogo, lakini baridi nayo huishusha. Mambo haya mawili karibu yanafutana, basi usikimbilie kutoa upepo kileleni.

Chujio la dizeli ni jipya, na maji hutolewa chini yake kila juma. Injekta za 2KD hazivumilii maji wala uchafu. Jaza kwenye vituo vya miji, sio kwenye madumu ya kando ya njia.

Jaribio la 1: Molo, Mau Summit, Timboroa, usiku mmoja

Injini yenye tabo haikulemewa sana na kimo. Joto la rejeta lilibaki katikati kwa gia ya tatu. Ukungu ulishuka kabla ya saa mbili usiku. Taa fupi tu. Taa ndefu hugeuza ukungu kuwa ukuta mweupe.

Maji yalichemka kwenye nyuzi 91. Ugali ulihitaji dakika za ziada, na maharagwe yasiyolowekwa hayakuiva kabisa. Githeri ichemshwe nyumbani, huku juu ipashwe tu.

Asubuhi paa lilikuwa kavu, ila vioo vya mbele vilitiririka maji. Vioo ndivyo bati baridi jipya, kwa kuwa kuta zimezibwa. Tumekata mapazia ya povu yanayokaza kwenye kioo, pamoja na lingine zito kati ya viti na kitanda.

Jaribio la 2: Iten, Tambach, Chebloch, kurudi

Gia ya pili tangu kona ya kwanza, breki ikikanyagwa kwa nguvu na kuachiwa, sio kuguswaguswa njia nzima. Chini, diski za mbele zilikuwa moto kiasi cha kutoguswa, ngoma za nyuma zina joto sawa kulia na kushoto. Tofauti kati ya pande mbili ingekuwa dalili ya silinda iliyokwama. Hakuna harufu. Handbreki ilikuwa inashika kwa meno 9. Imekazwa hadi 6.

Bondeni joto lilipanda na mbu wakaingia. Wavu wenye sumaku sasa unafunika tundu la paa na vioo viwili. Hautakuwa na kazi kubwa Molo, lakini Kerio, Kakamega na Kisumu usilale bila huo.

Njia na kulala

Murami wa Cherang'any hupitika asubuhi na kuteleza jioni. Sheria ya dereva wa peke yake ni kuwa amepaki kabla ya saa saba mchana. Barabara iliyonyesha alasiri huwa imekauka juu kufikia saa nne kesho yake. Vifaa vya kujinasua ni sepetu, mbao mbili za sentimita 20 kwa 100 zilizopigwa vipande vya chuma, kamba, jeki ya pili yenye ubao wa kuikalisha, na pampu ya upepo ya volti 12. Upepo ukishushwa hadi psi 30 kwa ajili ya matope, ujazwe tena kabla ya lami.

Saiwa Swamp, Mlima Elgon na msitu wa Kakamega kuna kambi. Malipo ya KWS, shirika la wanyamapori, ni kwa mtandao, yafanywe Kitale kabla simu haijapoteza mnara. Kwingine, omba. Fika mapema, zima injini, salimia kwa lugha ya wenyeji, chamge au mulembe, kisha: "Hodi mzee, naomba kulala na gari hapa hadi alfajiri." Shule, kanisa na kituo cha polisi nazo hazikatai mara nyingi. Usipaki chini ya mkaratusi, matawi yake huanguka bila upepo. Wala juu ya kilima kilicho wazi, kwani radi za Kakamega na Nandi ni kali. Umeme ukipiga, bodi ya bati humkinga aliye ndani, vioo vikiwa vimefungwa na mikono mbali na chuma.

Kila mtandao unapokaribia kukatika, ujumbe mmoja kwa mtu mmoja: niko wapi, naelekea wapi, nitapatikana saa ngapi.

Yaliyobaki kabla ya kuondoka: kukaza tena bolti za kitanda baada ya kilomita 500, kubadilisha mpira wa mlango wa nyuma unaopitisha vumbi, kizima-moto cha kilo 2 kifungwe mahali mkono unafika kutoka kitandani badala ya nyuma ya kabati, na kupima gari mara ya mwisho likiwa na maji, gesi na chakula, ekseli moja moja.